Video za kompyuta kwenye PS3: tusikonveti kabla ya kujua kasha limebeba nini

#1 Mtepe (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Ninaleta uzi huu baada ya familia yetu kunusurika kupoteza video ambayo haikuwa na nakala nyingine, na kwa sababu kila mara namwona mtu humu akiuliza kwa nini PS3 (mashine ya michezo ya PlayStation 3) yake inakataa faili ambalo kwenye kompyuta linacheza bila tatizo, kisha anajibiwa neno moja tu: konveti, yaani libane upya kwa aina nyingine. Jibu hilo mara nyingi si sahihi, na kwa video ya kumbukumbu linaweza kuleta hasara isiyofidika.

Wazazi wangu walifunga ndoa Tanga mwaka 1996, na sherehe ikarekodiwa kwenye kaseti ya VHS. Ndani ya kaseti hiyo bibi yangu mzaa mama, ambaye ameshatangulia mbele ya haki, anaonekana akipiga vigelegele mlangoni, na kwa dakika kama mbili anazungumza na wageni. Sauti yake hatuna mahali pengine popote. Mwaka jana tulimpelekea fundi kaseti hiyo, akaiingiza kwenye kompyuta, akatukabidhi faili moja la MKV lenye urefu wa saa tatu na ukubwa wa GB 5.1. Kwenye laptopu lilicheza vizuri. Baba, hata hivyo, alitaka kuitazama sebuleni siku ya Idi pamoja na ndugu, na kwa kuwa televisheni yetu ni ya zamani na haina tundu la flashi, kifaa pekee kilichounganishwa nayo ni PS3 ya mdogo wangu.

Flashi yetu ilikataa kwanza kulipokea faili, kompyuta ikasema kwamba ni kubwa mno. Mdogo wangu akaifomati flashi kwa mfumo wa kupanga mafaili uitwao NTFS, faili likaingia, lakini PS3 haikuiona flashi kabisa. Hapo binamu yetu akajitolea: akaliweka faili kwenye programu ya kukonveti, akachagua mpangilio wa kwanza uliomtokea, akaiacha kompyuta ifanye kazi tangu baada ya Isha. Asubuhi tulikuwa na faili la MB 700 ambalo PS3 ililicheza, lakini sura za watu zilikuwa zimeyeyuka, na kila kamera ilipogeuka picha ilivunjika vipande vya mraba. Ili kupata nafasi kwenye diski alikuwa amelifuta faili la mwanzo, na fundi naye alikuwa ameshafuta lake. Kilichotuokoa ni kwamba kaseti yenyewe ilikuwa bado kabatini, ikiwa imeanza kuota ukungu. Ilisafishwa na fundi mwingine na kuingizwa upya kwenye kompyuta. Sipendi familia nyingine ipitie wiki ile tuliyoipitia sisi.

Sasa niende kwenye jambo lenyewe. Faili la video hupita malango matatu kabla ya kuonekana kwenye skrini, na mtu anapaswa kujua limekwama kwenye lango lipi kabla ya kuligusa.

Lango la kwanza ni namna flashi ilivyofomatiwa. PS3 inasoma FAT32 peke yake kwenye diski na flashi za nje. NTFS haioni, exFAT haioni. FAT32 nayo haipokei faili moja linalofika GB 4, au kwa hesabu kamili, mwisho wake ni baiti 4,294,967,295. Kwa video inayotumia megabiti 8 kwa sekunde, ukomo huo unafikiwa baada ya saa moja na dakika kama 11. Zaidi ya hayo, flashi za GB 64 na kuendelea huuzwa zikiwa tayari na exFAT, na dirisha la kawaida la kufomati la Windows kwa miaka mingi halikutoa chaguo la FAT32 kwa diski iliyozidi GB 32. Mtu ananunua flashi mpya dukani, anaichomeka, PS3 inakaa kimya, naye anadhani tundu la USB limekufa. Flashi ya GB 32 huondoa tatizo hilo. Kwa mwenye kubwa zaidi, zipo programu ndogo za bure za kufomati FAT32.

Lango la pili ndilo linalowachanganya watu wengi zaidi, na ndilo sababu ya uzi huu. Herufi za mwisho wa jina la faili, yaani MKV, MP4, AVI au MOV, hazitaji aina ya picha iliyomo. Zinataja kasha tu. Ndani ya kasha kuna picha iliyobanwa kwa kodeki fulani, yaani kanuni ya kubana na kufungua, na sauti iliyobanwa kwa kodeki nyingine, na pengine maandishi ya tafsiri. Kasha la MKV, ambalo jina lake refu ni Matroska na limetokana na wale wanasesere wa Kirusi wanaokaa mmoja ndani ya mwingine, lilianza mwishoni mwa mwaka 2002, na linaweza kubeba karibu kila kitu. PS3, iliyotoka Novemba 2006, haijawahi kulifungua kasha hilo. Inafungua MP4, AVI, MPEG, na M2TS la kamera za AVCHD. Kwa hiyo picha ya H.264 iliyomo ndani ya MKV, ambayo PS3 ina uwezo kamili wa kuicheza kwa kuwa ni kodeki ileile inayotumika katika diski nyingi za Blu-ray, inakataliwa kwa sababu ya kasha peke yake. Ni sawa na mgeni aliyezuiwa getini kwa sababu ya gari alilopanda, ilhali jina lake limo kwenye orodha ya walioalikwa.

Dawa yake ni kuhamisha yaliyomo kutoka kasha moja hadi jingine bila kuigusa picha. Programu ya bure ya FFmpeg inafanya kazi hiyo kwa mstari mmoja unaouandika kwenye dirisha la amri la kompyuta:

ffmpeg -i harusi.mkv -c copy harusi.mp4

Neno "copy" ndilo lenye uzito wote. Linaiambia programu inakili picha na sauti jinsi zilivyo, baiti kwa baiti, na ibadilishe kasha tu. Kwenye laptopu yangu ya zamani faili jipya la fundi wa pili lilichukua dakika zisizofika nne, na ubora haukupungua hata chembe, kwa kuwa hakuna kilichobanwa upya. Linganisheni na usiku mzima wa binamu yangu.

Kwa kuwa faili letu lilizidi GB 4, nililigawa mara mbili kwa njia hiyohiyo:

ffmpeg -i harusi.mkv -t 01:30:00 -c copy sehemu1.mp4
ffmpeg -ss 01:30:00 -i harusi.mkv -c copy sehemu2.mp4

Sehemu ya pili huanza sekunde chache kabla ya pale ulipotaja, kwa sababu mkato unaanzia kwenye picha kamili iliyotangulia. Hakuna kinachopotea.

Lango la tatu ni kodeki yenyewe, na hapa ndipo kukonveti kunapoweza kuwa lazima. PS3 inacheza MPEG-1, MPEG-2, H.264, na tangu sasisho namba 2.10 la Desemba 2007 inacheza pia DivX na Xvid ndani ya AVI. Haichezi HEVC, ambayo pia huitwa H.265, kwani kodeki hiyo iliidhinishwa mwaka 2013, wakati mashine hii ilikuwa na umri wa miaka zaidi ya sita. Vilevile haichezi H.264 ya biti 10.

Kujua kilichomo ndani ya kasha ni kazi ya nusu dakika. Fungua faili kwa VLC, programu ya bure ya kuchezea video, bonyeza Ctrl na J kwa pamoja, nawe utaona kodeki ya picha na ya sauti. Tafadhali fanyeni hivyo kwanza. PS3 inapoandika kwamba data haitambuliki au imeharibika, isichukuliwe kuwa faili ni bovu kweli. Mara nyingi mashine inasema tu kwamba haikuelewa ilichopewa.

#2 Bibi Karafuu

Kaka Mtepe, ahsante sana, na Mwenyezi Mungu amrehemu bibi yako. Mimi nina video za maulidi na za mahafali ya wanangu, nyingi zilipigwa kwa kamera ya picha ya Canon, nazo ni za MOV. Nimezitazama kwa VLC kama ulivyoelekeza: picha ni H.264, sauti imeandikwa PCM. Nilipotumia mstari wako wa kwanza programu ilikataa na kuandika ujumbe mrefu wa kosa kuhusu sauti. Je, kwa hali hii ni lazima nikonveti zote? Zipo zaidi ya 60, na kompyuta yangu ni dhaifu.

#3 Mtepe

Dada yangu, si lazima, na umefanya vyema kutazama kwanza. Picha na sauti ni mizigo miwili tofauti, kila mmoja unaweza kuamuliwa peke yake. PCM ni sauti ambayo haijabanwa kabisa. Kamera nyingi za namna hiyo huiandika hivyo, lakini kasha la MP4 na PCM havikuzoeana. Iache picha kama ilivyo na ubadilishe sauti tu iwe ya kodeki ya AAC:

ffmpeg -i mahafali.mov -c:v copy -c:a aac -b:a 192k mahafali.mp4

Kubana sauti ni kazi nyepesi hata kwa kompyuta dhaifu, kwa sababu mzigo mkubwa siku zote huwa ni picha. Video ya dakika 12 haitakuchosha kuingoja.

Mstari huohuo unamfaa mwenye faili lenye sauti ya DTS, ambayo PS3 haiitambui ndani ya MP4. Mwongezee tu "-ac 2" ili njia sita za sauti ziwe mbili, zinazotosha kwa spika za televisheni. Mwenye sauti ya AC3 na anayetaka kuibakiza kama ilivyo kwa sababu ana spika za sebuleni, atumie programu ya tsMuxeR na kuchagua kasha la M2TS, kwani humo PS3 inaipokea AC3 vizuri.

Ninakuomba jambo moja: usifute MOV hata moja mpaka utakapokuwa umeitazama MP4 yake mwanzo hadi mwisho kwenye televisheni.

#4 Kisiki cha Mpingo

Mleta uzi, nakuheshimu, lakini naona umekuwa mkali mno dhidi ya kukonveti. Mimi natumia programu ya kukonveti ya HandBrake tangu zamani, nakonveti kila kitu, na sijawahi kuona sura za watu zikiyeyuka. Kosa la binamu yako lilikuwa mpangilio mbovu, si kukonveti kwenyewe. Tena simu za sasa zinarekodi kwa HEVC. iPhone zinafanya hivyo zenyewe tangu iOS 11 ya mwaka 2017, na simu nyingi za Android zina chaguo hilo. Kwa mafaili hayo kuhamisha kasha hakusaidii kitu, kwa sababu PS3 itafungua MP4 na kukuta ndani lugha isiyoijua. Mtu asipokonveti atafanya nini?

#5 Mtepe

Mkuu, kwa HEVC uko sahihi kabisa, na nilipaswa kulieleza jambo hilo kwa urefu zaidi kwenye bandiko la kwanza. Pale lango la tatu linapofungwa hakuna njia nyingine isipokuwa kuibana picha upya, au kuizuia simu isirekodi kwa HEVC tangu mwanzo. Kwenye iPhone, mipangilio ya kamera ina sehemu ya fomati. Ukichagua ile inayopatana na vifaa vingi, simu inarekodi kwa H.264.

Ninachopinga ni kukonveti kama hatua ya kwanza. Kila ubanaji mpya unatupa sehemu ya picha ambayo hairudi tena, hata kama jicho haliioni mara moja, na picha ya VHS huumia zaidi kwa sababu ina chembechembe nyingi ambazo kodeki inazihesabu kama vitu vya kuhifadhi, kisha inakosa nafasi kwa ajili ya nyuso. Kwenye video ya kisasa iliyopigwa mchana ningekubaliana nawe kwamba tofauti ni ndogo.

Kwa wanaolazimika, mpangilio ninaouamini ni huu:

ffmpeg -i simu.mp4 -c:v libx264 -crf 19 -profile:v high -level 4.1 -pix_fmt yuv420p -c:a aac -b:a 192k tayari.mp4

Namba ya "crf" ndiyo inayoamua ubora: ikishuka, picha inakuwa bora na faili linakuwa kubwa. Mimi sipandi juu ya 20 kwa kumbukumbu za familia. Kiwango (level) cha 4.1, yaani kipimo cha uzito wa video kwa mashine inayoicheza, kimetajwa kwa makusudi, kwa kuwa ndicho kinachotumika kwenye Blu-ray na ndicho salama kwa PS3. Kuna mafaili ya 1080p ambayo ni H.264 halali, lakini yalitengenezwa kwa kiwango cha 5.1 yakiwa na picha 16 za rejeo (picha ambazo mashine inazikumbuka ili kuchora nyingine), wakati 4.1 kwa ukubwa huo inaruhusu nne, mashine inayacheza kwa kukwamakwama au inayakataa, na mwenye nayo haelewi kwa nini jirani yake anacheza "H.264 hiyohiyo".

Nao wanaopokea video za harusi kupitia WhatsApp wajue kwamba hizo mara nyingi hucheza kwenye PS3 bila taabu, lakini zimeshabanwa sana njiani. Mwombeni aliyerekodi awape faili la asili kwa kebo au kwa flashi.

#6 Nahodha wa Ruta

Wakuu, naomba niongeze njia ambayo haihitaji flashi wala kugawa mafaili. PS3 inaweza kupokea video kutoka kwenye kompyuta kupitia mtandao wa ndani ya nyumba, kwa utaratibu unaoitwa DLNA. Kwenye kompyuta unaweka programu ya seva. Iliyokuwa maarufu zaidi ni PS3 Media Server, na iliyotokana nayo na ambayo bado inaendelezwa ni Universal Media Server. Zote ni za bure. Kwenye PS3 unakwenda sehemu ya video, unachagua kutafuta seva, na makabrasha ya kompyuta yako yanatokea kwenye televisheni.

Faida yake ni mbili. Kwanza, ukomo wa GB 4 unaondoka, kwa sababu FAT32 haihusiki tena. Pili, seva inapokutana na faili ambalo PS3 hailijui, inaligeuza papo hapo wakati unatazama, bila kuligusa lile lililoko kwenye diski, hivyo hofu ya mleta uzi ya kupoteza faili la asili haipo. Hata maandishi ya tafsiri ya SRT, ambayo PS3 haiyasomi yenyewe, seva inaweza kuyachora juu ya picha.

Watu wengi huiogopa njia hii wakidhani inakula bando. Haili. Video inatoka kwenye kompyuta, inapita kwenye ruta, inaingia kwenye PS3, yote ndani ya nyumba. Unaweza kuitazama hata siku ambayo intaneti imekatika, mradi ruta ina umeme. Kinachohitajika ni kompyuta yenye nguvu ya kutosha, kwani kugeuza 1080p papo hapo ni kazi nzito, na laptopu yenye kichakataji (prosesa) dhaifu itaachwa nyuma na picha itasimama kila baada ya sekunde chache. Jambo la pili ni kebo. Wi-Fi ya PS3 ni ya kizazi cha 802.11g, ambayo kwenye karatasi ni megabiti 54 kwa sekunde lakini kwa hali halisi hutoa pungufu ya nusu yake, na kuta za matofali zinaipunguza zaidi. Tundu lake la kebo ya mtandao, kwa upande mwingine, ni la gigabiti moja. Mimi nilivuta kebo ya mita 15 kutoka sebuleni hadi chumba cha kusomea, na tangu siku hiyo sijaona picha ikikwama.

#7 Mwana wa Pwani

Samahanini wakuu, mimi nina PS4, na shemeji yangu ana Xbox 360. Haya yote yanatuhusu?

#8 Nahodha wa Ruta

Kwako wewe kazi ni ndogo, mkuu. PS4 ilipotoka Novemba 2013 haikuwa na programu ya kucheza video za flashi, na malalamiko yalikuwa mengi, lakini Juni 2015 ilipata programu ya Media Player ambayo unaipakua bure. Hiyo inafungua MKV, na inasoma exFAT pamoja na FAT32, kwa hiyo malango mawili ya kwanza yako wazi, isipokuwa NTFS bado hairuhusiwi.

Shemeji yako anafanana na sisi wa PS3. Xbox 360 haifungui MKV, na ndani ya MP4 inataka H.264 isiyozidi kiwango cha 4.1 pamoja na AAC ya njia mbili. Mstari wa Mtepe wenye "-c:v copy" na "-ac 2" utamfaa bila kubadilisha neno.

#9 Bibi Karafuu

Narudi kutoa taarifa. Nimezipitisha video zote za MOV jana jioni, zilikwisha kabla ya chakula cha usiku, na kompyuta haikupata hata moto. Flashi nimeifomati FAT32. Ila nilipoichomeka kwenye PS3, niliiona flashi lakini ndani yake iliandika kwamba hakuna faili lolote, nami nilikaribia kukata tamaa. Nifanye nini?

#10 Mtepe

Dada, hujakosea kitu. PS3 hutazama kwanza kabrasha lenye jina VIDEO kwa herufi kubwa, nawe nadhani umeyaweka mafaili moja kwa moja kwenye flashi au kwenye kabrasha la jina jingine. Usihamishe chochote. Weka alama juu ya jina la flashi, bonyeza kitufe cha pembetatu kwenye pedi, kisha chagua kuonyesha vyote. Ukiwa hapohapo, pembetatu hiyohiyo juu ya video moja itakupa chaguo la kuinakili kwenye diski ya ndani ya PS3, ili usihitaji flashi kila mara.

#11 Bibi Karafuu

Zimetokea zote. Mdogo wangu wa mwisho anajiona jukwaani akisoma kasida akiwa na miaka saba, na nyumba nzima imekaa mbele ya televisheni. MOV zake nimezihifadhi kwenye diski mbili.